Uzi wa hela: kwa nini fundi cherehani anakwambia "njoo kesho", na bahasha za kaki zilivyoniokoa

#1 Fundi_wa_Mwanjelwa

Wakuu habari za jioni. Huku Mbeya baridi imeshika, vidole vinagoma kushika sindano, kwa hiyo nimefunga fremu mapema niandike kitu nilichowaahidi watu wawili watatu humu. Ni kirefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, nipo Mwanjelwa mwaka wa tisa sasa. Baba watoto ni dereva wa lori, leo yupo Tunduma, kesho yupo Dar. Nyumbani kwetu hela haiji tarehe 25 kama kwa mwalimu. Kuna wiki inakuja kama mvua ya Tukuyu, kuna wiki hata manyunyu hakuna. Kwa muda mrefu nilijiambia tatizo langu ni hilo, kwamba kipato hakieleweki. Nilijidanganya, na nitawaonyesha wapi.

Naanza na siri ya kazi, mafundi wenzangu mnisamehe. Fundi akikwambia "njoo kesho", mara nyingi si uvivu wala hajasahau. Kianzio chako kimeliwa. Ulimpa elfu kumi anunue zipu, lainingi na uzi. Jioni ileile LUKU ikakata, gesi ikaisha, mtoto akarudi na karatasi ya shule. Akala. Sasa ili anunue zipu yako anasubiri kianzio cha mteja mwingine, na huyo naye atamsubiri wa tatu. Ukiona kitambaa chako kimelala kwenye rafu wiki tatu, kimekunjwa vizuri kabisa, ujue kinasubiri hela ya mtu ambaye hata hajafika dukani.

Mimi niliishi hivyo miaka sita. Kilichonitoa ni aibu.

Mwaka juzi, Januari tarehe za mwanzo, nilipata oda ya sare za harusi. Magauni 14 ya kina mama wa kamati, mshono elfu ishirini, kianzio nusu. Laki na arobaini taslimu juu ya meza kwa siku moja. Na Januari nani asiyeijua? Viatu vya shule, madaftari, kodi ya fremu ya miezi mitatu. Siku ya sita nilikuwa nimebaki na elfu nane na mia tano. Sikulewa, sikununua simu, sikwenda saluni. Ndicho kilichoniuma baadaye, kwamba kila ilikokwenda palikuwa na sababu nzuri.

Harusi ilikuwa Februari. Wiki mbili kabla, sina lainingi, sina zipu, nikaenda kwa wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Laki mbili, fomu elfu kumi wanakata palepale, marejesho elfu sitini na tano kila Ijumaa kwa wiki nne. Kwa mwendo huo nikanunua vifaa, nikashona usiku na mchana. Asubuhi ya harusi magauni 12 yalikuwa tayari. Mawili hayakuwa na zipu, maana rangi ile ilikwisha kwa muuzaji wangu wakati mimi bado nahangaikia mkopo. Nikawashonea wenyewe mgongoni kwa mkono, wamesimama, wamebana pumzi, Kosta ya kwenda Tukuyu inapiga honi nje. Mama mmoja wa makamo aliniuliza taratibu bila kugeuka, "Fundi, na nikishikwa na haja?" Nilicheka naye. Walipoondoka nikaenda nyuma ya cherehani nikalia kama mtoto.

Jumatatu yake nikanunua bahasha za kaki, zile ndogo. Tangu siku hiyo kila kianzio kinaingia kwenye bahasha yenye jina la mteja, na bahasha naipiga pini kwenye kitambaa chake. Akituma kwa simu, inakwenda kwenye laini ya kazi, na ndani ya bahasha naweka kikaratasi cha kiasi. Hela ile ina kazi moja tu: zipu, lainingi, gamu na uzi wa nguo ile. Inayobaki inalala humohumo. Siku mteja anapojaribu gauni, akaridhika, akamalizia, ndipo naifungua na hela inakuwa yangu. Kabla ya hapo ni ya kwake, mimi nimeishikilia tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Fremu nzima imejaa hela na mimi sina hela. Nilikula kande siku nne mfululizo huku nikiangalia bahasha ya mke wa mchungaji ina elfu kumi na tano. Lakini wiki ya tatu kuna jambo likatokea ambalo sikuwahi kuliona: nguo zikaanza kutoka kabla ya siku. Vifaa vipo, unasubiri nini? Mteja akipewa nguo kabla ya siku aliyoambiwa anamleta dada yake. Sijawahi kuweka tangazo lenye nguvu kama lile.

Halafu nikajipangia mshahara. Kila Jumamosi jioni najilipa elfu sitini kutoka kwenye nguo zilizotoka, naihamishia laini ya nyumbani. Wiki nzuri ni sitini, wiki mbaya ni sitini. Zinazozidi zinabaki laini ya kazi, na ndizo zinazonilipa mshahara ule mwezi wa tatu wakati hakuna anayeoa wala kuolewa. Jamani, hapa ndipo nilipoona nilivyokuwa najidanganya. Kipato changu hakikuwa kibaya kiasi kile. Nilikuwa nakula wiki nono na kufunga wiki nyembamba.

Sasa daftari. Nilichukua kaunta buku nikaandika kila kilichotoka kwa siku 30, hadi karanga za mia mbili. Nilitegemea kumkamata mchawi kwenye chai, maana kila anayefundisha mambo ya hela lazima aitukane chai ya watu. Chai na chapati za asubuhi, mwezi mzima: 27,500. Basi. Nilivyokuwa naionea ile chai! Kutoa hela kwa wakala nilikwenda mara 31, tano tano, kumi kumi, na makato peke yake yalipita elfu ishirini. Hilo lilinishtua. Lakini la kukaa chini lilikuwa hili: michango, sare na kadi za watu, 143,000.

Mtaniambia michango ni utu. Subirini. Niliipitia moja moja, nikagundua karibu yote niliikubali nikiwa nimesimama. Mtu kaja na orodha mkononi, wateja wanatazama, unasema niandike hamsini. Au kundi la WhatsApp: majina yanapandishwa upya kila jioni, hapa ahadi, hapa taslimu, na wewe namba 19 huna kitu mbele ya jina. Unaahidi ili nafasi ile isiwe wazi. Kadi singo 50,000, dabo 80,000, nikaahidi dabo kwa harusi ya mtu ambaye jina lake la pili silijui. Hela ilikuwa inatoka kabla sijaamua. Ninakuja kuamua baadaye, usiku, kitandani, wakati haina faida tena.

Kwa hiyo nikaweka neno moja mdomoni: "Nitakujibu Jumapili." Mchango wa harusi, sendofu, kicheni pati, sufuria za kukopa, kitenge kipya, chochote kinachozidi elfu kumi. Jumapili jioni nakaa na daftari na chai yangu isiyo na hatia, naamua yote kwa pamoja. Yakikaa pamoja yanaonekana. Mchango wa mtoto wa jirani aliyekesha na mimi hospitali unakaa mstari mmoja na ule wa kundi la WhatsApp nililokuwa namba 19, na hakuna anayenitazama. Mfuko wa michango ni elfu arobaini kwa mwezi. Ukiisha nasema umeisha, naomba nipewe kazi: nitapunguza nguo za maharusi bure, nitaosha vyombo.

Misiba haimo humo. Ina bahasha yake peke yake na haisubiri Jumapili.

Kausha damu nilimaliza, sijarudi. Maswali karibuni. Wenye deni la kutukana mafundi mpange foleni.

#2 Bwana_Viazi

Nimevuta kigoda. Hiyo ya WhatsApp ni lumbesa kabisa. Wewe unaahidi gunia, wao wanakushonea kichwa juu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, ila njoo Isyonje uone linalopakiwa.

#3 Kitonga_Namba1

Kwa hiyo suruali yangu ya suti iliyokaa kwa fundi miezi minne hapa Iringa ilikuwa inasubiri hela ya mtu? Na mimi nilimpa yote, si nusu! Nilioa na suruali ya kaka yangu. Nimesoma uzi huu kwa hasira lakini nimeumaliza.

#4 Fundi_wa_Mwanjelwa

Kitonga pole kaka. Kumpa fundi yote mwanzoni ni kumtega. Ukitaka nguo yako haraka, nenda na zipu na lainingi umenunua mwenyewe, halafu hela ya mshono umpe siku ya kuchukua. Atanuna kidogo, lakini hatakuwa na cha kula.

#5 Mwalimu_Chaki

Nipo Makambako, sekondari. Dada fundi unasema hela ya mwalimu inakuja tarehe 25 kama vile ni neema. Inakuja ikiwa imeshatobolewa. Kodi ya mapato, mfuko wa pensheni asilimia 5, bodi ya mikopo ya elimu ya juu asilimia 15 ya mshahara wa msingi, chama, bima. Halafu mkopo wa benki. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wengi wetu tunaishi palepale kwenye theluthi, kama maji yamefika kidevuni.

Sasa kinachotuua ni baada ya hapo. Mkopeshaji wa mtaani haulizi theluthi. Anachukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Tarehe 24 usiku yeye yupo kwenye mashine kabla yako, anakuachia anachokuachia. Nilitoa kadi yangu mwaka 2019 kwa mkopo wa laki tatu, ilirudi mikononi mwangu baada ya miezi 14. Sikuwahi kumwambia mke wangu mpaka leo, na yeye hayupo humu, natumaini.

Nilichofanya baada ya kuipata: siku ya mshahara siendi kwenye mashine. Nakwenda siku ya tatu. Nimekuta vitu vingi nilivyovitaka tarehe 25, tarehe 28 sivitaki tena. Ni Jumapili yako hiyo, mimi sikuwa na jina lake.

#6 Afisa_Mstaafu

Naongezea kuhusu kausha damu, kwa sababu watu wanalipa kwa hofu bila kujua sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018. Chini yake Benki Kuu ndiyo inayowapa leseni hawa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, na imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua mkopo wa fundi. Laki mbili kwa mwezi mmoja, riba halali ingekuwa 7,000. Yeye alilipa 65,000 mara nne, yaani 260,000. Riba 60,000, na hapo sijagusa ile elfu kumi ya fomu.

Wanaokopa kwenye simu nao waangalie. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hizo ndizo zilizokuwa zinapigia simu shemeji zako na bosi wako kuwatangazia deni. Kabla hujachukua shilingi, omba kuona leseni na mkataba wa maandishi. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Na kina mama, vijana na wenye ulemavu: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ni ya vikundi na makaratasi yake yanachosha, lakini riba ni sifuri.

#7 Fundi_wa_Mwanjelwa

Mzee shikamoo. Hesabu ya elfu saba dhidi ya elfu sitini ningeijua mwaka juzi ningewaacha wale mama waende na khanga.

#8 Mama_Kulwa_Rungwe

Mimi sikubaliani na fundi kwenye michango, na naomba anisikilize kama mdogo wangu.

Mwaka 2021 nilifiwa na mume. Nilikuwa na elfu thelathini ndani ya nyumba. Siku tatu watu wamejaa, ndizi zinakuja kwa mikungu, mchele, mafuta, kuni, sukari, na sikununua hata kiberiti. Jeneza lililipiwa. Waliofanya hivyo ni wale niliowachangia miaka kumi na mitano, hadi wale ambao majina yao ya pili siyajui. Huku kwetu mchango ni akiba yako iliyowekwa kwa watu. Wewe unaweka kwenye bahasha, mimi naweka kwa jirani. Bahasha haitakuja kukuliwaza msibani.

Ukishakuwa mtu wa "nitakujibu Jumapili", watu nao watakujibu Jumapili.

#9 Fundi_wa_Mwanjelwa

Mama Kulwa, shikamoo, na pole kwa msiba japo ni wa zamani. Nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu.

Msibani sipingani na wewe hata nukta. Ndiyo maana bahasha ya misiba haina Jumapili na haina kikomo kilekile. Tulipomzika baba mkwe Tukuyu niliona hayohayo unayoyasema. Ugomvi wangu ni na harusi, tena hasa sare na kadi. Mwaka huu nimeshona sare ya harusi kwa mteja ambaye nilikuwa bado namdai ya harusi iliyopita. Analia kwenye kiti changu kwamba mtoto hana ada, na mkononi ana kitenge cha elfu thelathini na tano cha kuvaa mara moja. Huyo hakuweka akiba kwa watu. Aliogopa kuonekana peke yake kwenye picha.

Na hili nakubali kwako: nilipoanza, kuna mmoja nilimjibu Jumapili "hapana", na nilikosea. Alikuwa amenifaa siku nyingi, nilikuwa nimesahau tu. Nikampelekea mwezi uliofuata, akapokea, lakini haikuwa sawa. Tangu hapo nyuma ya kaunta buku nimeandika majina ya walionishika mkono, ili Jumapili nisitegemee kumbukumbu.

#10 Mama_Kulwa_Rungwe

Hapo umesema. Ndaga fijo, asante sana. Ila ile elfu arobaini iongeze kidogo.

#11 Msangu_wa_Ubaruku

Sisi wa mpunga Mbarali mnatuonaje? Hela yetu inakuja msimu mmoja. Mwezi wa sita mtu ana milioni nne, anaitwa bosi, pikipiki mpya, redio inasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Mwezi wa kumi na mbili mtu huyohuyo anauza mpunga ambao haujatoa hata suke kwa bei ya kutupa, apate cha kula sikukuu. Nimekuwa mtu huyo, sitanii.

Bahasha kwangu isingefaa, panya wangekula. Nilichofanya nimechukua makapeni nikaandika kwenye magunia. Yenye neno ADA manne, hayo yanatoka Januari. MBOLEA matatu, hata kama ni ya ruzuku bado inataka hela mkononi siku ya kuifuata. KULA sita. MGONJWA mawili. Yasiyoandikwa ndiyo naruhusiwa kuuza nikivuna, pikipiki inunuliwe humo kama inatosha. Mwaka wa kwanza shemeji yangu alikuja kukopa gunia, nikamfungulia ghala nikamwambia chagua. Alisoma, akasoma, akatoka. Gunia lenye neno ADA mtu anaona aibu kulibeba. Na bei ya Januari ikilinganishwa na bei ya shambani mwezi wa sita, hayo ya ADA huwa yanatoa na daftari juu.

#12 Boda_Mafiati

Mnaongea vizuri ila mnatuonea. Mimi pikipiki si yangu, nipo kwenye mkataba, hesabu ya bosi elfu kumi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta nje ya hiyo. Siku nzuri narudi na elfu nane, siku mbaya nalipa hesabu kwa kukopa. Nipangie bajeti hapo basi. Niandike bahasha ya nini, ya njaa?

#13 Fundi_wa_Mwanjelwa

Boda, sina jibu la kukupa, na atakayekwambia ukiacha soda utajenga anakutania. Hela isiyokuwepo haipangwi. Kitu kimoja tu nakuuliza: mkataba wako umebaki miezi mingapi pikipiki iwe yako, na umeandikwa?

#14 Boda_Mafiati

Saba. Haujaandikwa, ni maneno tu, ila bosi ni mtu mzuri.

#15 Afisa_Mstaafu

Kijana, uandikwe wiki hii. Mshuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa, na kila hesabu unayopeleka asaini kwenye daftari. Uzuri wa bosi wako hautarithiwa na watoto wake.

#16 Boda_Mafiati

Sawa mzee. Hilo la kusaini sikuwahi kuliwaza.

#17 Binti_wa_Iyunga

Mimi ni mwanafunzi, hela yangu ni boomu, ile ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, na inaishia wiki ya tatu. Naomba kuuliza, hiyo inayobaki mnaweka wapi? Kwenye simu naila.

#18 Fundi_wa_Mwanjelwa

Mdogo wangu, hata mimi ya kwenye simu naila. Nipo kwenye kikoba, tupo 22, sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo hawakai mtaa mmoja. Unanunua hisa kila wiki, unaweza kukopa, na kuna mfuko wa jamii wa dharura. Tatizo lake lilikuwa kuvunja. Tulikuwa tunavunja Desemba katikati, gawio linaingia kwenye mdomo wa Krismasi, Januari tunakutana wote tumekonda. Mwaka jana nikasimama nikaomba tuhamishie wiki ya kwanza ya Januari. Kelele zilizopigwa! Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni Msabato. Tulipiga kura, 12 kwa 10. Januari ile hakuna mtoto wa kikoba chetu aliyechelewa kuanza shule.

#19 Mwalimu_Chaki

Binti, ukianza kuwa na kinachokaa zaidi ya mwaka, tazama mifuko ya UTT AMIS, ni ya serikali. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, Ukwasi tangu 2013. Unanunua vipande kidogo kidogo, na ukitaka hela yako unaomba, unasubiri siku chache za kazi. Mimi hizo siku chache ndizo nilizozipendea. Nimeshawahi kutaka kutoa kwa ajili ya spika za gari, nikaahirisha kwa sababu ya uvivu wa kujaza fomu. Hatifungani za serikali nazo zipo, lakini zinaanzia milioni moja, hizo tutaongea ukiajiriwa.

#20 Utingo_Mstaarabu

Fundi, na mzee akikuta bahasha zote hizo? Mimi nyumbani nikiona hela ina jina la mtu mwingine nitauliza huyo ni nani.

#21 Fundi_wa_Mwanjelwa

Hahaha. Bahasha zinabaki dukani. Alichokuta nyumbani ni daftari.

Alikuwa ametoka Tunduma, kakaa foleni ya mpakani siku nne, kachoka, ananisubiri nipakue. Akalivuta kaunta buku akaanza kusoma. Kimya. Mimi jikoni nahesabu pumzi. Akauliza, "Hii B ni bando?" Nikasema hapana. "Bia?" Nikasema B ni Baba. Ni zile za "nitumie elfu kumi nipo njiani, nitakurudishia". Zilikuwa zimefika 86,000 kwa mwezi ule. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole. Akasema, "Mimi nilijua ni mara mbili." Hatukugombana. Alikula, akalala. Asubuhi kabla ya kuondoka aliniomba bahasha mbili za kaki, sasa zipo kwenye lori, moja imeandikwa NJIANI. Nyingine hajaniambia imeandikwa nini, na sijauliza.

#22 Kitonga_Namba1

Bahasha ya pili ina jina la fundi mwingine.

#23 Fundi_wa_Mwanjelwa

Kitonga nenda kafuate suruali yako.

#24 Binti_wa_Iyunga

Dada, nina mahafali Novemba. Gauni la kitenge, mikono mirefu, unashona bei gani? Na nikileta kianzio leo kitakaa kweli mpaka Novemba?

#25 Fundi_wa_Mwanjelwa

Elfu ishirini na tano, kitambaa lete mwenyewe, kianzio nusu. Kitakaa. Nipo ndani mpaka saa kumi na mbili kesho, njoo na kitambaa. Kwenye bahasha niandike jina gani?